Naomba ile .config yako

Ndugu yangu Rashidi,

Salaam. Huku wote wazima, mama mkwe karudi Tanga, mvua imeanza kusumbua. Habari za Idi nitakupa siku nyingine, leo nina shida: nahitaji ile .config yako, faili ya mipangilio ya kujengea kerneli, kile kiini cha Linux.

Ile flashi yako ya uokoaji, yenye Linux ndogo ya kuwashia mashine zilizogoma, imekufa. Ukiichomeka haionekani kwenye mashine yoyote. Na imechagua wiki hii hii ambayo kompyuta ya kina Mama Zubeda imegoma kuwaka, hesabu za mikopo zote zimo humo, na nakala pekee waliyo nayo ni ya Machi. Mama Zubeda unamjua. Ananipigia kabla ya adhana ya alfajiri.

Basi nikaamua kuiunda upya: kerneli mpya, busybox (programu moja yenye amri nyingi za msingi), initramfs ndogo (faili za mwanzo zinazoingia kwenye kumbukumbu mashine ikiwaka), vile vile ulivyokuwa ukifanya. Ikawaka, ikasema imeshindwa kuendesha /init, skripti ya kwanza kabisa, kosa -2, kisha panic, ikasimama. Sasa -2 maana yake faili haipo. Bwana, faili ipo! Nimeifumua cpio, kile kifurushi cha initramfs, nikaiona kwa macho yangu, na ruhusa ya kuendeshwa inayo. Ingekosa ningepata -13, kosa la ruhusa. Kessy anasema ni majini. Nikamshuku yeye kwanza, maana skripti hiyo ilipitia kwenye laptopu yake ya Windows, na Windows huacha ile herufi isiyoonekana mwisho wa kila mstari, kerneli ikabaki inatafuta sh, programu ya kusoma skripti, yenye mkia. Kweli, mkia ulikuwepo. Nikaukata kwa sed. Bado -2.

Ndipo nikaikagua busybox yenyewe, ambayo ndiyo hiyo sh, kwa amri ya file. Kumbe si static, yaani haijitoshelezi, inamtegemea ld-linux wa kuipakia, na huyo kwenye initramfs hayumo. Yaani unaambiwa bwana harusi hajafika, kumbe aliyekosekana ni dereva wa gari lake! Kwa nini kerneli isimtaje tu jina? Hilo bado linaniudhi. Nikaweka busybox-static ya Debian, sh ikafunguka hapo hapo, nikapiga kelele mpaka mtoto akaamka. Bruce Perens alianzisha busybox mwaka 1995 ili vitu vyote vienee kwenye floppy moja, na mimi nina flashi ya gigabaiti 8 nahangaika na faili moja.

Furaha yenyewe fupi. Sasa diski haionekani. Nimepachika proc, sys na devtmpfs, ambamo kerneli huonyesha vifaa. Amri ya kuorodhesha diski, fdisk -l, kimya. Kwenye /sys/block kuna loop na ram tu, diski za bandia. Lakini lspci inaionyesha kontrola ya SATA inayoendesha diski, ile yenye msimbo 0106, imekaa pale haina draiva. Kwenye kerneli hii ahci, draiva yake, ni moduli ya kupakia pembeni, haikujengwa ndani, na moduli nilizopata ni za toleo jingine, amri ya kuzipakia, modprobe, inazikataa. Yako ilikuwa na kila kitu ndani, ndiyo maana iliziona hata diski za zile kompyuta mbovu za dukani kwa Shirima. Naweza kutafuta moduli moja moja, ndiyo, ila kesho nikiletewa mashine ya NVMe, diski ya aina nyingine, naanza upya. Nataka kujenga kerneli yangu kwa .config yako, basi.

Je, bado unayo? Kama huna, ile mashine ya dukani kwa Shirima si bado inatumia kerneli ile ile? Ukipita, itoe kwa amri zcat /proc/config.gz, unitumie WhatsApp. Na initramfs ulikuwa unaibana kwa gzip au xz? Na diski ikishaonekana, nianze na dd, ninakili diski nzima, au nipige e2fsck ya kukarabati mfumo wa faili moja kwa moja? Kessy anashikilia e2fsck -b 32768, ile inayotumia superblock ya akiba, leo leo, mimi naogopa, maana diski inagonga-gonga ikizunguka. Wewe ungethubutu kuandika chochote juu yake? Na kiwanja cha Bagamoyo kimeishia wapi, umelipa au bado mnavutana?

Nijibu leo, hata usiku wa manane. Mama Zubeda nimemwambia Ijumaa.

Wako,
Saidi