Mlimsahau mama yake Kepler

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu makala yenu ya Jumapili iliyopita, ile ya watu mashuhuri wa Ulaya wa mwanzo wa karne ya 17. Niliisoma yote, na nashukuru kwamba bado lipo gazeti linaloandika mambo hayo kwa Kiswahili. Galileo yumo na darubini yake. Shakespeare na Cervantes wamo, waliofariki mwaka mmoja, 1616. Rubens yumo, Monteverdi yumo na opera yake ya 1607. Johannes Kepler mmempa mistari miwili: kwamba aligundua kanuni tatu za mwendo wa sayari, mbili alizitangaza mwaka 1609 na ya tatu mwaka 1619. Basi.

Mistari hiyo ni ya kweli. Mimi mwenyewe nimeiandika ubaoni miaka 31 nikifundisha fizikia. Mwaka mmoja mwanafunzi wa kike aliyekaa karibu na dirisha aliniuliza, "Mwalimu, mbona ya tatu ilichelewa miaka kumi?" Nikamjibu kwamba hesabu zilikuwa ndefu, nikaendelea na somo. Tangu nistaafu na kupata wasaa wa kusoma maisha ya mtu yule, jibu lile limenikaa moyoni kama mwiba. Hesabu zilikuwa ndefu kweli. Lakini ndani ya miaka hiyo Kepler alizika mke na watoto, akahama Prague kwenda Linz, na mama yake mzazi akashtakiwa kwa uchawi.

Jina lake Katharina. Mumewe, Heinrich, alikuwa askari wa kukodiwa, akienda vitani na kurudi mpaka mwaka 1589 alipoondoka moja kwa moja. Bibi huyu alilea watoto, akatunza mali, akachemsha mitishamba na kuwapa wagonjwa. Mwaka 1577 ilipotokea nyota kubwa yenye mkia, ni yeye aliyemshika mkono mwanawe wa miaka mitano akapanda naye mahali pa juu ili aione. Mtoto mwenyewe macho yake yalikuwa yameharibiwa na ndui. Kepler alilikumbuka jambo hilo hadi ukubwani, akaliandika. Ndiyo maana nasema, anayetaka kujua mtu huyu alianzia wapi kutazama mbingu asianze na Tycho Brahe, mtazamaji nyota aliyefanya naye kazi kule Prague. Aanze na mama huyu.

Mashtaka yalianza mwaka 1615 katika mji mdogo wa Leonberg, huko Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Jirani mmoja, Ursula Reinbold, alidai kwamba miaka kadhaa nyuma Bibi Katharina alimpa kinywaji kichungu kilichomtia maradhi. Kaka yake Ursula akamwekea bibi upanga mwilini, mbele ya liwali wa mji, Lutherus Einhorn, akimtaka amponye dada yake papo hapo. Familia ikafungua kesi ya kuchafuliwa jina. Liwali, ambaye mwenyewe alishuhudia tukio la upanga, hakuwa na haraka ya kuisikiliza. Wakati huo huo uvumi ukazidi kunenepa. Binti mmoja aliyekuwa akibeba matofali alisema alipopishana na bibi njiani mkono wake ulishikwa na maumivu makali. Ikasemwa aliwahi kumwomba mchimba kaburi fuvu la baba yake mwenyewe, alifanye kikombe ampe mwanawe. Ikasemwa hawezi kulia machozi.

Msidhani hawa walikuwa washamba wasiojua kitu. Mfalme James wa Uskoti, aliyekuja kutawala na Uingereza, alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya wachawi mwaka 1597. Kepler mwenyewe hakuwahi kusimama barazani na kusema uchawi haupo. Alichofanya ni kuuchukua ushahidi, kipande kwa kipande, na kuuliza kila tukio lina chanzo gani cha kawaida. Mkono wa yule binti uliuma kwa sababu mzigo wa matofali ulimzidi. Ursula aliyedai kulogwa alikuwa na maradhi yake na dawa alizokwisha kunywa. Mashahidi walipingana kuhusu miaka na siku. Ni akili ile ile iliyokataa kuipuuza tofauti ya dakika 8 za digrii (digrii moja ina dakika 60) katika njia ya Mirihi, upana usiofika hata theluthi moja ya mwezi mpevu, mpaka akaiacha duara iliyoaminiwa miaka elfu mbili na kuichukua duaradufu. Nimefundisha zile dakika 8 mara nyingi sana. Sikujua kwamba mtu huyo huyo alizitumia, kwa namna yake, kumwokoa mama yake.

Na kuna jambo moja linaloniuma kila nikilikumbuka. Karibu na mwaka 1609 Kepler aliandika hadithi ya safari ya mwezini, ili kuonyesha mbingu zingeonekanaje kwa mtu aliyesimama kule, na hivyo kumtetea Copernicus, aliyesema dunia ndiyo inayolizunguka jua. Katika hadithi hiyo mama wa msimuliaji, Fiolxhilde, anauza mitishamba na kuita pepo. Hadithi ilisambaa ikiwa bado ni mswada, na Kepler aliamini ndiyo iliyowapa watu maneno ya kumsema mama yake. Alitumia miaka yake ya mwisho kuiwekea maelezo 223, marefu kuliko hadithi yenyewe. Ilichapwa mwaka 1634, yeye akiwa amekwisha kufa miaka minne.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Agosti 1620 walimkamata bibi akiwa na umri wa miaka ipatayo 73, wakamtoa nyumbani amefichwa ndani ya sanduku. Alifungwa minyororo, kwanza Leonberg, baadaye Güglingen, na walinzi wawili waliomlinda walilipwa kutoka katika mali yake mwenyewe. Kepler, mwanahisabati wa Kaisari, aliacha kazi yake Linz akaenda kusimama upande wa mama. Karani wa baraza aliandika, kwa masikitiko, kwamba mshtakiwa amefika akisaidiwa na mwanawe. Kwa karani yule lilikuwa jambo la kusikitisha. Mimi nalisoma kwa heshima kubwa.

Tarehe 28 Septemba 1621 walimpeleka mbele ya mnyongaji, wakamwonyesha vyombo vya kutesea kimoja kimoja, wakamwamuru akiri. Alijibu kwamba hata wakimng'oa mishipa mmoja baada ya mwingine, hana la kukiri. Akapiga magoti akasali. Siku chache baadaye wakamwachilia, baada ya miezi 14 ya kifungo. Alifariki Aprili 1622. Niliposoma mahali hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje, nikakaa kimya muda mrefu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mkimwandika tena Kepler, ongezeni mstari wa tatu, na ndani yake liwemo jina la Katharina.

Yule mwanafunzi wangu sasa ni mtu mzima. Kama anasoma ukurasa huu, namwomba radhi, na jibu nililomnyima ni hili. Mwaka 1617 Kepler alisafiri kwenda Württemberg kwa ajili ya kesi, na njiani alikuwa akisoma kitabu cha muziki cha Vincenzo Galilei, baba yake Galileo, kwa kuwa alikuwa akitafuta mwafaka wa sauti katika mwendo wa sayari. Februari 1618 alifiwa na binti yake mdogo, aliyeitwa Katharina kama bibi yake. Akaziweka kando jedwali zake za nyota, kwa maana zilidai utulivu asiokuwa nao, akarudi kwenye kitabu cha mwafaka wa ulimwengu. Tarehe 8 Machi wazo la kanuni ya tatu lilimjia: mraba wa muda wa sayari kulizunguka jua huwiana na mchemraba wa umbali wake. Akakosea hesabu, akalitupa. Tarehe 15 Mei likarudi, akalipima upya, likakubali.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa fizikia