Polisi wa akiba walipwe, au waachwe wachunge mbuzi wao

Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi bila kuwaandikia, lakini ile habari yenu ya juzi kuhusu hatima ya polisi wa akiba imenishinda kunyamazia. Huyo mkubwa mliyemnukuu aliwasifu sana vijana wetu kwa uzalendo na moyo wa kujitolea. Uzalendo hausongi ugali.

Kikosi hiki kipo tangu 1948, na Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 bado inawahesabu kuwa watu wa kujitolea. Mwaka 2019 walipokonywa bunduki huku Bonde la Ufa, wezi wa mifugo wakatamba, baadaye wakaombwa warudi. Bunduki wakapewa. Mshahara je?

Jirani yangu ni NPR, yaani polisi wa akiba. Wezi walipovunja zizi langu usiku, tulipigia kituo simu, tukajibiwa gari halina mafuta. Jirani akatoka na viatu vya akala miguuni na tochi ya simu, akafuata nyayo hadi korongoni, wakarushiana risasi, na kulipokucha akarudi na mbuzi wangu. Na asante aliyopewa ni hii: aliitwa kituoni aeleze risasi tatu zimeenda wapi! Nauli ya bodaboda ikamtoka mwenyewe, akakalishwa benchi kutwa nzima bila hata maji, na ng'ombe wake wakashinda zizini na kiu kwa sababu mchungaji alikuwa anaandika taarifa. Hivi angeuawa kule korongoni, mkewe angepata nini zaidi ya harambee na hotuba ya chifu?

Na hao mbuzi nao! Walizuiliwa kituoni eti ni ushahidi, na hakuna hata mwizi mmoja aliyekamatwa. Nilipokabidhiwa, beberu hakuwemo. Nikaambiwa amekufa kwa baridi. Baridi, huku Baringo ambako hata nzi hutafuta kivuli!

Vijana hawa waajiriwe, wapewe mshahara, bima na viatu. Kama Hazina haina pesa, basi kuanzia Julai mosi walinzi wa waheshimiwa wote nao wajitolee: waende kazini kwa nauli yao, wale walichobeba kutoka nyumbani, na wakiugua wachangiwe na majirani. Mswada wa kuwalipa NPR utakuwa umepita kabla ya Agosti.

Mfugaji,
Baringo Kusini