Barua kwa Mjomba: Louis Moholo-Moholo ameondoka

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Ninakuandikia kuhusu msiba ambao huenda hukuusikia. Louis Moholo-Moholo, mpiga dramu wa Cape Town, alifariki dunia tarehe 13 Juni 2025 akiwa na umri wa miaka 85. Nimekukumbuka wewe kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu ndiwe uliyenionesha, ukigonga meza ya chakula kwa vidole huku chai ikipoa, kwamba mpiga dramu hakai nyuma ili kuwahesabia wenzake tu.

Jazi aliyoipiga si ile ya bendi zetu za dansi, Morogoro Jazz au Western Jazz. Alikuwa wa Blue Notes, kundi la Afrika Kusini ambamo mpiga piano Chris McGregor, Mzungu, alipiga pamoja na Waafrika wakati sheria za ubaguzi wa rangi zikiwabana kila walipopanda jukwaani. Mwaka 1964 walialikwa kwenye tamasha la Antibes, Ufaransa, na safari hiyo ikageuka kuwa uhamisho: wakapitia Uswisi, na mwaka uliofuata wakafika London. Sisi tuliokulia karibu na Mazimbu, ambako wakimbizi wa Afrika Kusini walisoma na wengine wakazikwa, hatuhitaji kuelezwa sana maana ya kuishi hivyo.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi alivyowasindikiza wenzake. Mpiga tarumbeta Mongezi Feza alifariki London mwezi Desemba 1975, akiwa na miaka 30 tu, na mwezi huohuo waliobaki wakaingia studio kumwombolezea kwa ala zao. Johnny Dyani, mpiga besi, akafuata mwaka 1986. Mwaka 1990 McGregor na mpiga saksofoni Dudu Pukwana wakaondoka kwa kupishana wiki chache, na tangu hapo, kwa miaka 35, Moholo ndiye aliyebaki peke yake wa kundi lile, akiendelea kupiga nyimbo zao mbele ya watu ambao wengi hawakuwahi kuwaona.

Mjomba, katika albamu yake ya mwaka 1978, Spirits Rejoice!, kuna wimbo uliotungwa na Feza. Tarumbeta, saksofoni na tromboni zinarudia kipande kilekile polepole, mara nyingi kuliko unavyotarajia, na chini yake Moholo hatulii hata kidogo: matoazi yanachemka, dramu ndogo inakatiza, ngoma ya mguu inaingia pale ambapo sikio halikujiandaa, lakini wimbo hauyumbi. Wapo wanaosema huo ni upigaji usio na mpango. Mimi sikubaliani nao, maana ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba yeye ndiye anayewasukuma wenzake waurudie tena, kana kwamba wimbo ukikoma Feza naye atakuwa ameondoka kabisa.

Mwaka 2005 alirudi kuishi Afrika Kusini, akaendelea kupiga na vijana wa huko.

Nitakapokuja Desemba nitakuja na rekodi hiyo. Ninaomba tukae kwenye meza ileile, tuisikilize mpaka mwisho, kisha unioneshe kwa vidole vyako mkono wake wa kushoto unafanya nini, kwa sababu nimejaribu mara nyingi na bado haujanikaa.

Ni mimi mpwa wako.