Anajua nyuzi 23.5, lakini haelewi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linalonisumbua. Siku hizi tunajua mengi, ila swali la pili likija tunakwama.

Juzi mpwa wangu alinisomea daftari lake bila kusita: dunia hulizunguka jua kwa takriban siku 365, mhimili wake umeinama nyuzi 23.5. Yote sahihi. Nikamuuliza, mbona kuna majira ya joto na ya baridi? Akajibu upesi, "Tukilikaribia jua, joto huzidi." Nikamwambia dunia hulikaribia jua zaidi mapema Januari, kama kilomita milioni 147, na wakati huo kaskazini ni baridi. Akanyamaza.

Tukazima taa, tukachukua tochi na mpira. Mwanga ulipoupiga mpira wima ulifanya duara dogo lenye kung'aa. Ulipopiga kwa mshazari ulitandaa, ukafifia. Alitazama kwa muda, kisha akauinamisha mpira mwenyewe na kunieleza kwa nini kusini hupata joto kaskazini ikipoa. Hilo halikuwamo daftarini. Zile nyuzi 23.5 alikuwa nazo tangu mwanzo, kama ufunguo asioujua mlango wake.

Nawasihi walimu, wasiridhike na jibu linalotoka haraka. Wamwulize mtoto "kwa nini" mara moja zaidi na wampe muda wa kuhangaika nalo. Nanyi wanahabari, mkitupa tarakimu, tafadhali tuelezeni pia zimetokana na nini.

Msomaji wenu