Chesi ya kompyuta: nauli ya nini?

Ndugu Mhariri,

Mabishano ya wapi na lini ifanyike michuano ya dunia ya chesi ya kompyuta, ambamo programu hucheza dhidi ya programu, hayakuisha hadi michuano yenyewe ilipokoma mwaka 2024. Tangu Stockholm mwaka 1974, programu ya Kisovieti, Kaissa, ilipotwaa ubingwa, ilizungukwa miji mingi: Hong Kong 1995, Reykjavik 2005, Beijing 2008, Kanazawa 2010. Popote ulipoiweka, kulikuwa na aliyelia na nauli.

Na mtunzi wa programu alisafiri kufanya nini hasa? Aliketi mbele ya ubao, alisoma kwenye skrini hatua iliyochaguliwa na programu yake, alisogeza farasi kwa mkono, alibonyeza saa. Kazi ya karani! Wengine walitunga programu zao usiku baada ya ajira. Kuombea likizo ya wiki nzima jambo hili hakukuwa mzaha.

Tangu 2010 yapo mashindano ya TCEC kwenye intaneti. Programu zote hutumia mashine za mwandaaji, na programu ya Stockfish imeyashinda mara nyingi bila mtu kupanda ndege.

Nakiri, kula na mpinzani wako baada ya mchezo kuna utamu wake. Basi michuano ikirudishwa, wakutane kila miaka mitatu, kama ilivyokuwa mwanzoni, na tarehe itangazwe mapema.

Wako,
Msomaji mpenda chesi