Barua kwa mwanangu: rudi kwenye ile meza

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na hela ya dawa imefika pia. Mungu akuzidishie. Presha imeshuka kidogo, lakini leo sikuandikii habari za presha.

Waliokuja kwenye sikukuu ya mavuno huko mtaani kwako wamerudi. Wamesifu mahubiri yako, wamesifu kwaya, wamesema kanisa lilijaa hadi watu wakakaa chini ya mwembe. Nilitembea kifua mbele kutwa nzima. Halafu mmoja wao akasema, bila kujua ananichoma, kwamba ulikuwa umekaa na wale wafugaji waliohamia bondeni, mnakula sinia moja, na gari la wageni kutoka jimboni lilipoingia ukanawa mikono ukahamia meza kuu. Hukurudi tena. Wale wafugaji wakamaliza chakula peke yao, wakaondoka hata kabla ya mnada.

Mwanangu, ulihama kwa nini?

Baba yako anasema nikuache, mwinjilisti lazima apokee wageni wake. Kupokea wageni nakujua, na ungeweza kuwapokea ukarudi kula. Wewe ndiye uliyesoma barua ya Paulo kwa Wagalatia chuoni, si mimi. Petro alikuwa Antiokia akila na watu wa Mataifa, wasio Wayahudi, hana wasiwasi. Wakafika watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akarudi nyuma, akajitenga, kwa sababu aliwaogopa. Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba.

Hapo kwa Barnaba ndipo ninapokwama kila nikisoma. Watu wa Kipro na Kirene walipowahubiri Wayunani wa Antiokia, ni Barnaba aliyetumwa na kanisa la Yerusalemu kwenda kuangalia. Aliiona neema akafurahi. Akafunga safari mpaka Tarso kumtafuta Sauli, ndiye Paulo, wakafundisha pamoja mwaka mzima, na ni hapo Antiokia wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Mtu aliyewalea watu wale hivyo, naye akanyanyuka akawaacha mezani. Kwa hiyo usinijibu kwamba wewe unawapenda. Najua unawapenda. Barnaba naye aliwapenda.

Na Petro hakuwa mgeni wa jambo lile. Alishaonyeshwa maono juu ya dari kule Yafa, kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi. Alishaingia nyumbani kwa Kornelio huko Kaisaria, akida wa jeshi la Kirumi, akamwona Roho Mtakatifu akiwashukia watu wasiotahiriwa yeye akiwa bado anasema. Ile siku ya Pentekoste ulipohubiri habari hiyo nililia, na sikulia peke yangu. Lakini angalia waumini wa Kiyahudi walivyomshika aliporudi Yerusalemu. Hawakuanza kwa kumwuliza kwa nini amewabatiza. Walimwambia umeingia kwa watu wasiotahiriwa, ukala nao. Ubatizo wangeweza kuuvumilia kuliko lile sinia.

Sisemi uwadharau wazee wako wa mtaa, wala wale wa jimboni. Hata wale wa Yerusalemu hawakuwa watu wabaya. Tohara ilikuwa agano la Ibrahimu. Zamani za mfalme Antioko Epifane, kama mwaka 167 kabla ya Kristo, iliharamishwa, na akina mama waliowatahiri watoto wao waliuawa. Mtu ambaye bibi zake walikufa kwa ajili ya jambo, utamwambiaje kirahisi kwamba sasa si lazima? Wazee wako nao, wazazi wao walitengwa na ukoo kwa kukubali kanisa. Ndiyo maana wanataka kila anayeingia aingie kama walivyoingia wao, avae kama wao, aimbe kama wao. Nawaelewa. Lakini kuwaelewa ni kitu kimoja, kuwaogopa mpaka ukahama kiti ni kingine.

Mkutano wa Yerusalemu, ule wa karibu mwaka 49, ulibishana sana kama watu wa Mataifa lazima watahiriwe, na mwisho Yakobo mwenyewe akasema watu wa Mataifa wasitaabishwe. Wakaandika barua: mjiepushe na vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, na damu, na vilivyosongolewa, na uasherati. Hesabu mwenyewe. Matatu kati ya manne ni mambo ya chakula. Mimi naona walikuwa wanatafuta namna ya Myahudi na asiye Myahudi kukaa pamoja wakala. Tohara haimo. Sasa nyie mnawaambia wale wafugaji waache kuvaa shuka ndipo wabatizwe, mmeitoa wapi?

Uliwahi kunionyesha kwenye simu picha ya jiwe lililopatikana Yerusalemu mwaka 1871, lenye maandishi ya Kiyunani ya kumwonya mgeni asiye Myahudi asivuke uzio wa hekalu, akikamatwa kifo kitakuwa juu yake mwenyewe. Paulo alishikwa hekaluni na kupigwa kwa sababu walidhani amemwingiza Trofimo wa Efeso. Angalia alivyoteseka kwa ajili ya watu hao. Wewe hakuna aliyekushikia fimbo. Ulitakiwa kubaki ulipokaa, basi.

Na usigeuke sasa ukawa mgomvi wa kila jambo. Paulo huyohuyo alimtahiri Timotheo kwa ajili ya Wayahudi wa kule, na kwa Tito akakataa. Saa za ibada, lugha ya nyimbo, nani apige ngoma, hayo kaeni mzungumze. La kula nao usilipeleke kikaoni.

Kile kikombe cha bati kilichokuwa kikikaa peke yake dirishani, unajua kilikuwa cha nani, nimekitoa. Siku hizi kijana wetu wa ng'ombe anakunywa kwenye vikombe vyetu vya maua. Baba yako aliguna, amezoea.

Paa la jiko limeanza kuvuja upande wa stoo, fundi anasema yanatakiwa mabati matatu. Usitume hela ya mabati mwezi huu, malizia kwanza mchango wa harusi ya binamu yako, kadi yako bado iko hapa na watu wanauliza. Ada ya mdogo wako tumelipa nusu. Yule mbuzi dume tumemuuza.

Mwanangu, Jumapili ya ubatizo iko karibu. Kabla haijafika nenda bondeni, nyumbani kwao. Usiende na wazee, na usiende na hotuba. Kaa, kula watakachokupa. Kama ni maziwa ya kibuyu, kunywa na tumbo lako hilo hilo la kuchagua. Wakikuuliza kwa nini ulihama, waambie ukweli, usimsingizie mgeni yeyote.

Mdogo wako anakuja huko Ijumaa. Nimempa debe la maharage na karanga kidogo. Karanga ni zako, maharage ni ya kupeleka bondeni. Gunia mrudishe nalo, ni la jirani. Ukitoka kwao nipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako