Vua hizo glovu, mdogo wangu

Mdogo wangu,

Picha ulizotuma kwenye kundi la familia nimeziona. Wenzangu wote walikupongeza, mashallah zikajaa ukurasa mzima, mimi nikakaa kimya. Dada yako akapiga simu kuniuliza kulikoni. Nikamwambia nitajibu. Hili ndilo jibu, na naliweka hadharani kwa sababu uliyoyasema juu yangu siku ya hitma ya Mama uliyasema hadharani, tena watu wamejaa hadi barazani.

Nianze na bakuli ulilochonga kwa kerezo, mashine inayouzungusha mti huku patasi ikiukata. Ni zuri. Umbo limetulia, mdomo haujapinda, na huo mti wa ash umefaa kabisa. Ni mgumu bila ukorofi, na kwa vile ugonjwa wa kuvu unaishambulia miti hiyo huko Uingereza tangu 2012, magogo yake hayana shida kupatikana. Marehemu baba angeligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye kitako, akakurudishia bila neno. Unajua kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa kiasi gani. Nilifurahi, wallahi.

Kisha nikafungua picha ya pili, ile uliyopigwa ukiwa kazini, na usingizi ukaniruka. Umevaa glovu! Glovu za kitambaa, na mkono wa kushoto uko karibu na gogo linalozunguka. Nani kakudanganya kwamba hiyo ni kinga? Kubebea magogo, sawa. Kwenye kerezo, uzi mmoja ukinaswa unavuta kidole, kidole kinavuta mkono, na hakuna mwanadamu mwenye mbio za kuushinda mzunguko ule. Ngozi tupu ikiguswa huchubuka nawe ukaurudisha mkono. Glovu haikupi nafasi hiyo. Ni hivyo hivyo kwa mikono mirefu ya shati, kamba za jaketi, saa, pete, nywele. Mwaka 2011 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alifariki usiku ndani ya karakana ya chuo baada ya nywele zake kunaswa na kerezo ya chuma. Binti msomi, mwenye akili zake timamu. Mashine haichagui.

Sasa unaelewa kwa nini siku ile nilifanya nilivyofanya?

Wewe unakumbuka kofi. Unalisimulia kila mahali, na mkeo naye ameshalijua. Mimi nakumbuka kanzu. Ilikuwa Ijumaa, umetoka msikitini, kanzu mpya yenye mikono mipana na darizi ya uzi wa manjano kwenye ncha. Nilikuwa kwenye tendegu la nne la kile kitanda cha mvule, mteja amekaa mlangoni anasubiri. Ukaingia mbio, hukutoa salamu, ukanyoosha mkono juu ya tendegu linalozunguka ili uchukue kalamu ya risasi upande wa pili. Darizi ikapita juu ya mti kwa upana wa kidole. Niliona uzi mmoja umeshaanza kupepea kwa upepo wa mashine. Nilikukamata ukosi, nikakutupa kwenye maranda, nikazima, nikakupiga. Nikakwambia toka, usikanyage tena humu. Kwa mtoto wa miaka kumi na minne asiyesikia, ulitaka nitumie lugha gani? Baba alikuwa mgonjwa kitandani. Ningempelekea habari gani?

Halafu miaka yote hiyo ipite, tumzike Mama, tusome hitma yake, usimame na kikombe cha kahawa mkononi useme, "Kaka alinifungia mlango wa kazi ya baba ili aile peke yake." Aile nini? Hapa Ngamiani, Tanga, leo nani anaagiza kitanda cha matendegu ya kukereza? Watu wananunua vitanda vya mbao za kubandika vilivyokuja kwenye maboksi. Nilibaki na mota inayopiga kelele na madeni ya mbao. Wewe ulipata shule, ukapata safari. Sikuonei wivu. Ila usiseme nilikula.

Na ukasema pia nilikuficha kazi. Basi shika, watu wote wakishuhudia.

Kabla ya kuwasha, zungusha gogo kwa mkono duara zima uone haligongi kiegemeo, yaani kile chuma unacholazia patasi. Kwenye picha, kiegemeo chako kiko mbali mno na mti; kisogeze, kila unapopunguza unazima na kukisogeza tena. Kiegemeo kikiwa mbali, patasi inaning'inia na siku ikinasa itakupiga kidevuni. Usisimame usawa wa gogo unapowasha. Vaa kinga ya uso mzima, miwani peke yake haitoshi. Mwendo nao usiukisie: chukua 6,000 hadi 9,000, gawanya kwa kipenyo cha kazi yako kwa inchi. Bakuli la inchi 10 linataka mizunguko 600 hadi 900 kwa dakika, na gogo ambalo halijakaa sawa anza chini ya hapo.

Ile bobari pana, patasi ya makali ya mviringo, uliyoiegemeza ukutani ni ya kuparulia miguu ya meza na matendegu. Usiiingize kwenye bakuli hata siku moja, shina lake ni jembamba pale linapoingia kwenye mpini na litakatika. Bakuli lina bobari yake, nzito, ya shina la duara. Uko nchi ya Sheffield, mji unaofua patasi bora duniani. Usinunue za bei ya kutupa.

Na kukata: uti wa kazi yote uko hapa. Laza kwanza ule mteremko ulio nyuma ya makali juu ya mti, usikie unasugua bila kukata. Kisha inua mpini polepole mpaka makali yaanze kula. Ukikata hivi, maranda yanatoka marefu kama utepe na msasa hauna kazi kubwa. Ukiona vumbi tu, unakwaruza, au patasi ni butu. Kanole. Kwenye tendegu, toka pakubwa kwenda padogo. Kwenye bakuli, nje toka kitakoni kwenda mdomoni, ndani toka mdomoni kwenda katikati.

Mti mbichi usiuogope. Huko kwenye vilima vya Chiltern mafundi walikuwa wakiingia msituni na kukereza miguu ya viti kwa mti mbichi wa beech, kerezo ikiendeshwa kwa kanyagio na ufito. Mafundi wa pwani aliowasimulia baba walitumia upinde na kamba. Kwa bakuli, lichonge nene kwanza, ukuta sehemu moja ya kumi ya kipenyo, pakaa nta pale nyuzi zilipokatwa, lifukie kwenye maranda yake miezi kadhaa. Litapinda. Likishakauka ndipo ulikereze mara ya pili.

Suala la mpingo: ulimwambia dada nimekunyima kipande. Tangu Januari 2017 jamii yote ya Dalbergia, na mpingo umo, iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Gogo ghafi halivuki mpaka bila vibali. Ulitaka nimpe mtu alifiche kwenye begi akamatwe uwanja wa ndege kwa ajili ya starehe zako za Jumamosi? Na vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua, nawe kifua chako tangu utotoni tunakijua.

Ninachoweza kukupa ni bobari ya baba, ile ya mpini wa mninga. Nimeinoa. Mtoto wa shangazi anakuja huko, nitampa akuletee.

Lakini ile kauli bado iko kooni kwangu. Harusi ya binti wa dada inakuja, na waliokuwa barazani siku ya hitma watakuwepo. Usiniombe radhi kwa simu, wala usimtume shemeji. Simama mbele yao hao hao, uifute.

Nisalimie watoto.

Kaka yako.